Kaburi Lisilowekwa Maua

Wilda Stallard hakuwa mtu wa kukaa akakalika. Kahawa aliinywa amesimama, kwenye simu aliongea akiizunguka meza, na kanisani alichagua benchi la nyuma kabisa ili akichoka kukaa atoke bila kukodolewa macho. Mumewe Clete, fundi wa malori aliyestaafu, alikwisha kukata tamaa zamani. Kwa hiyo majira ya baridi yale, mkewe alipoanza kurudi kutoka maktaba ya mjini na vitabu vya historia kifuani, Clete alifurahi kimoyomoyo. Alidhani kitabu humkalisha mtu chini.

Wapi! Wilda alisoma akitembea. Alisoma huku sufuria ya maharage inachemka, mwiko mkono mmoja na kitabu mkono wa pili. Na kila alipokutana na jambo geni, hakuweza kulimeza peke yake.

"Clete, ulijua walikuwa wanapika sabuni yao wenyewe? Kwa majivu na mafuta ya nguruwe?"

"Nijue ili iweje, mama? Sabuni ipo bafuni."

"Na ng'ombe waliachiwa tu msituni na kengele shingoni. Uzio waliyawekea mahindi, ng'ombe wakajitafutia."

"Basi ng'ombe walifaidi. Hebu kaa ule."

Hakukaa. Lilikuwapo jambo linamkereketa rohoni, na jambo lenyewe ni uzio.

Juu ya bonde la Sorrel, katika milima ya mashariki ya Tennessee, wamejaa kina Stallard, walio hai na waliolala. Waliolala wako kilimani, na kila Jumapili ya mwisho ya Mei walio hai huwapandia na majembe, mafagio na maua. Huiita Siku ya Kupamba. Hupalilia, huinua udongo uliodidimia, huweka maua kaburi kwa kaburi, hata la kichanga aliyeishi nusu siku, kisha hutandika meza ndefu chini ya mialoni wakala kuku wa kukaanga, maharage na mkate wa mahindi. Kuliacha kaburi la ndugu bila ua siku ile ni aibu ya kutosha kuwanunisha watu miaka.

Lakini kaburi moja lilikuwa chini kabisa, pale ardhi inapoanza kuwa majimaji. Lilikuwa na jiwe tupu lisilo na herufi, na hakuna aliyekumbuka kuona hata jani juu yake. Wilda alipokuwa mdogo aliuliza.

"Shangazi, mbona yule hana ua?"

"Yule alikula nao meza moja akabaki," Shangazi Ozella alijibu, akamshika mtoto kichwa na kumgeuza uso upande wa pili.

Shangazi Ozella ndiye aliyemlea Wilda baada ya mama yake kufariki, kwa hiyo neno lake lilikuwa sheria. Na kisa chenyewe kila Stallard anakijua. Aliyelala pale ni Permelia. Vuli ya mwaka 1838, mvua zilipogoma na vijito vikakauka, mumewe Asa alianza kutetemeka miguu na kutapika, pumzi yake ikanuka utamu wa ajabu, akafa. Wakafuata watoto wawili kwa ugonjwa uleule. Mwisho akafa kichanga, ambaye hakuwa ameonja kitu duniani zaidi ya titi la mama yake. Nyumba ikabaki na Permelia peke yake, amesimama kwa miguu yake, mikono inamtetemeka kidogo tu. Majirani wakajumlisha wenyewe: aliwatilia sumu. Hao wengine labda chakula kibaya, walisema, lakini kichanga je? Hakuna aliyemshtaki, na hakuna aliyemkaribisha tena kwake. Mwanawe mkubwa, Jubal, alinusurika kwa kuwa vuli ile alikuwa kwa baba yake mdogo akisaidia kazi za kinu. Alikulia hukohuko, asimrudie mama yake hata kwa salamu. Permelia aliishi peke yake miaka thelathini na ushei. Kwa Jubal wakatoka watoto, wajukuu, vitukuu na vilembwe, mpaka kina Ozella, kina Wilda, na binamu yao Rondal.

Rondal alifuga ng'ombe kwenye malisho yaliyo chini ya kilima, na ndiye aliyekuwa akiyatunza makaburi tangu Shangazi Ozella aanze kutembelea mkongojo. Si mtu mbaya, Rondal. Tatizo lake ni kwamba kila kitu anakiona kwa macho ya mwenye kuchimba mashimo ya nguzo. Mwezi wa Januari, mlangoni mwa kanisa, alitangaza kwamba uzio wa zamani umeoza na kwamba baada ya Siku ya Kupamba ataweka mpya. Utapita upande wa juu wa kaburi lile la chini.

"Juu yake?" Wilda aliuliza. "Kwa hiyo yeye atabaki nje na ng'ombe?"

"Dada, kule ni tope, nguzo hazishiki. Na bibi mwenyewe alishatengwa kabla hatujazaliwa mimi na wewe. Mie nafuata mstari tu."

"Ng'ombe watalikanyaga lile jiwe. Mwaka mmoja tu, halipo."

"Basi lete sababu. Siku ya Kupamba tukishakula tutapiga kura. Ukoo ukisema aingie, ataingia. Mimi sina ugomvi na maiti."

Lete sababu! Wilda alirudi nyumbani damu inamchemka. Tangu utotoni alikuwa akimhurumia mwanamke yule, kwa siri, maana mbele ya Shangazi huruma hiyo haikuwa na pa kukaa. Kuhurumia ni rahisi. Sasa alitakiwa kutetea, na hakujua hata mtu huyo aliamka saa ngapi, alipika nini, aliogopa nini. Ndipo alipokwenda maktaba.

Vitabu vya mwanzo vilimtia hasira. Vilikuwa vya wilaya, vinene, vya jalada la ngozi, na ndani yake wanaume tu na farasi wao. Mwanamke alipata nusu mstari: na mkewe, aliyemzalia watoto tisa. Wilda alivirudisha mezani kwa Bi Nadine, mkutubi, kwa kishindo ambacho maktaba haikukizoea.

"Hawa watu hawakuwa wanakula?" alisema. "Hawakuwa wanaumwa? Nani alikuwa anawafulia hayo makoti?"

"Ala, kumbe wewe unataka kujua walikula nini na walikufa kwa ugonjwa gani," Bi Nadine akasema. "Ungesema tangu mwanzo. Nitakuagizia."

Akaagiza kutoka maktaba za wilaya nyingine, na vikaja vitabu vya namna nyingine kabisa. Wilda akajifunza jinsi chumvi ilivyosafirishwa milimani, jinsi mwanamke alivyojifungua huku jirani anamshikilia mgongo, jinsi unga ulivyoisha kabla majira ya baridi hayajaisha. Yote yalimvutia na hakuna lililomtosha. Aliogopa kwamba Mei itafika hana kitu. Akawa mkali nyumbani, akaunguza mikate, akamjibu Clete kabla hajamaliza kuuliza.

Ilikuwa Machi, amesimama mbele ya mashine ya kufulia, alipoifikia sura ya maradhi. Waliuita ugonjwa wa maziwa. Vuli yenye ukame, nyasi zikikauka, ng'ombe walioachiwa msituni waliingia vivulini na kula gugu fulani lenye vishada vya maua meupe. Sumu yake ikaingia kwenye maziwa na siagi. Waliokunywa walitetemeka miguu, wakatapika, pumzi zao zikanuka utamu. Pengine kaya nzima ilizikwa katika majuma machache. Na gugu lenyewe lilikuja kuthibitishwa baadaye mno, wakati wengi wa waliolia walikwisha kuliliwa wao.

Wilda alilirudia lile neno la pumzi. Kisha akakipiga kifuniko cha mashine kwa kiganja na kumpigia simu Rondal palepale, nguo zikizunguka.

"Si sumu, Rondal! Ni maziwa! Hakuwatilia kitu yule mama, aliwapa maziwa ya ng'ombe wao!"

Rondal alisikiliza mpaka mwisho. Kwa hilo lazima asifiwe.

"Sawa, dada. Inaingia akilini," alisema. "Ila yeye naye si alikula hapohapo? Mbona alibaki? Na yule mchanga alikuwa ananyonya tu. Naye alikunywa ya ng'ombe?"

Wilda hakuwa na jibu, na kutokuwa na jibu kulimnyima raha kuliko kutojua kwake kote kwa mwanzo. Aprili nzima alikuwa roho juu. Alimsumbua Bi Nadine mpaka Bi Nadine akawa akimwona mlangoni anainua mikono kabla hajasalimiwa. Kitabu cha mwisho kuletwa kilikuwa historia ya ufugaji, kikavu kuliko magogo, na Wilda alikwenda nacho kazini kwa kukosa kingine.

Kazi yake ilikuwa kupika katika shule ya msingi. Wakati wa mapumziko, wenzake wamekaa, yeye alisimama kando ya friji ya maziwa ya watoto, akifunua kurasa kwa kidole chenye unga. Na pale, katikati ya habari za kwato na minyoo, akakuta kwamba ng'ombe anayenyonyesha akila gugu lile mara nyingi haonyeshi ugonjwa, kwa sababu sumu inatoka mwilini mwake kupitia kiwele. Mama husimama. Anayekufa ni ndama.

Wilda alikaa chini. Alikaa juu ya kreti la maziwa, kitabu mapajani, na wapishi wenzake wote wakageuka.

"Wilda, unaumwa?" mmoja akauliza, maana kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja hawakuwahi kumwona amekaa.

Kitabu kilisema ng'ombe tu. Habari ya mwanamke aliijazia mwenyewe, na alijua hakuna mahakama ambayo ingekubali. Lakini alikuwa amenyonyesha watoto wanne, na mwili wake ulielewa kabla ya akili. Permelia alikunywa maziwa yaleyale. Alibaki kwa miguu yake kwa sababu kila alichokula kilikuwa kikimtoka kifuani. Na alipowazika wale watatu, huku anatetemeka, kilichobaki cha kumfariji ni kukichukua kile kichanga na kukipa titi. Jambo walilolishika majirani kuwa ushahidi wa ubaya wake ndilo hasa lililokuwa la kumsafisha, na lilikuwa la kutisha kuliko sumu yoyote.

Sasa alikuwa na sababu kamili, na mtu wa kwanza aliyemjia kichwani alikuwa Shangazi Ozella.

Shangazi alikuwa na mtoto, zamani, kabla Wilda hajazaliwa. Aliitwa Lyle. Alilazwa mzima amenyonya ameshiba, asubuhi akakutwa wa baridi. Daktari alisema mambo haya hutokea. Wanawake wa bondeni walisema yao, kwa sauti ya chini, na mume wa Shangazi alimwacha akahamia mji wa Knoxville. Shangazi hakupata mwingine. Kila Siku ya Kupamba alianza na kijikaburi kile, mwenyewe, bila kusaidiwa, na jina hilo halikutajwa mbele yake na mtu yeyote. Na sasa Wilda asimame mezani, mbele ya ukoo mzima, aseme kwamba maziwa ya mama yanaweza kuua?

Alimwendea mara mbili. Mara ya kwanza alimpelekea pai ya tufaha na kuizungumzia pai. Mara ya pili aliosha madirisha ambayo hayakuwa machafu.

"We mtoto una nini?" Shangazi aliuliza kutoka kwenye kiti chake. "Unanizungukia tu hapa, kizunguzungu nitapata mimi. Una neno, sema. Huna, kaa."

"Sina, Shangazi."

"Muongo."

Wilda aliondoka anajichukia. Usiku ule alimwambia Clete atakaa kimya, asubuhi akamwambia atasema, mchana akasema atasema nusu.

"Nusu ipi?" Clete akauliza.

"Ya ng'ombe."

"Na Rondal akiuliza ya mtoto?"

"Hataniuliza."

Clete alimsogezea kiti.

Siku ya Kupamba ilikucha na jua zuri. Wakapalilia, wakapamba, wakala. Sahani zilipokusanywa, Rondal alisimama kichwani mwa meza, nyundo kiunoni na vigingi vya kupimia miguuni, akasema jambo la uzio wanalijua, dada Wilda ana neno, tumsikilize na tupige kura. Kina Stallard wakageuza viti. Shangazi Ozella alikuwa katikati yao, kofia ya majani kichwani, mikono juu ya mkongojo.

Wilda alisema ya ng'ombe. Aliyasema vizuri, maana vitabu vilikuwa vimemkaa kinywani: ukame, msitu, kengele, gugu lenye maua meupe, pumzi inayonuka utamu. Alipomaliza, mjomba mmoja wa upande wa Kentucky akasema alisikia habari za gugu hilo kwa babu yake, na watu wakaanza kunong'ona kwa namna ya kukubali. Wilda akaanza kupumua.

"Mimi nimeridhika na hao watatu," Rondal alisema. Hakuwa na ubaya, alikuwa anahakikisha shimo lake tu. "Ila dada, nilikuuliza kwenye simu na hukunijibu. Kichanga je? Hakunywa ya ng'ombe yule. Na mama mwenyewe alibakije?"

Minong'ono ikakatika. Wilda alimtazama Shangazi, na Shangazi alikuwa anamtazama yeye. Angeweza kusema hajui. Wangepiga kura hivyohivyo, wengine wangeinua mkono, wengine wasingeinua, na kule chini, kwenye malisho, ng'ombe wa Rondal walikuwa tayari wamesimama wanawatazama.

"Alibaki kwa sababu alikuwa ananyonyesha," alisema. "Sumu ilikuwa inamtoka kwa maziwa. Ya kwake. Ndivyo ilivyo kwa ng'ombe, na mimi naamini ndivyo ilivyokuwa kwake. Mtoto alikuwa anainyonya kwake." Akamgeukia Rondal. "Alikuwa anamlisha, Rondal. Basi. Alikuwa anamlisha mwanawe."

Hakuna aliyejua pa kuweka macho. Wazee wachache waliomkumbuka Lyle walitazama viatu vyao.

"Alijua?" Shangazi aliuliza.

"Hapana, Shangazi. Wakati ule hakuna aliyejua. Wataalamu wenyewe..."

"Usinidanganye na vitabu vyako. Alijua." Sauti yake haikuwa ya hasira. "Si siku ile. Lakini mtu ukibaki ndani na kitanda kitupu unapanga yote. Nilikula nini. Nilimlaza ubavu gani. Alinyonya saa ngapi, alilia, hakulia. Unapanga, unapangua, unapanga tena. Ukipewa miaka thelathini sababu utaifikia tu, kama ipo ya kufikia. Na kama haipo utaendelea kupanga."

Akaangaza macho kwenye meza, kwa mmoja mmoja.

"Mama zenu waliniangalia mimi hivi mnavyoangalia nyasi sasa hivi. Na mimi nikaja nikamwangalia yeye. Kila mwaka napita na maua ya Lyle mkononi, namwangalia yeye nasema, angalau mimi si huyu." Akausimika mkongojo chini. "Wilda. Kiti."

Wilda alikikunja kiti cha turubai, akakibeba kwa mkono mmoja na kumshika Shangazi kwa mwingine, wakateremka. Walichukua muda. Nyasi zilikuwa telezi, na hakuna hata mmoja mezani aliyethubutu kuja kusaidia. Walipofika kwenye jiwe, Wilda akataka kukiweka kiti upande wa juu, palipo pakavu.

"Siyo hapo. Kule."

"Kule ni maji, Shangazi."

"Nina macho."

Kiti kikawekwa upande wa chini wa kaburi, kimelielekea jiwe, na Shangazi Ozella akakaa, viatu vyake vya kanisani vikazama topeni. Wilda akapiga magoti kando yake, akaanza kung'oa magugu kwa vidole kulizunguka jiwe, huku analia waziwazi. Shangazi akamwekea mkono begani na kuuacha hapo.

Rondal aliteremka mwisho, kofia mkononi, vigingi kwapani. Alikuwa amepauka.

"Shangazi, kura hatujapiga bado."

"Pigeni."

Rondal aligeuka kuitazama meza kule juu. Watu wote walikuwa wamesimama. Akageuka tena.

"Basi uzio niupitishe wapi?"

"Nyuma ya kiti changu."

"Lakini kule nguzo hazishiki, Shangazi. Tope tupu."

"Basi chimba," alisema Shangazi Ozella, "mpaka zishike."